Kitambaa cha Makindu: mapatano ya dini yasimwache msichana nje

Mazungumzo ya kupatanisha dini nchini Kenya yamezoea kufanyika juu. Askofu, imamu na mchungaji hualikwa ukumbini, hupeana mikono mbele ya kamera, na taarifa ya amani husomwa. Mazungumzo ya usawa wa kijinsia nayo yana ukumbi wake, wageni wake na siku yake katika kalenda. Ukiangalia hali ilivyo Kibwezi, katika eneo kavu la kusini mwa Makueni linalopakana na Kitui, utaona kwamba mambo haya mawili ni jambo moja, na kwamba huamuliwa shuleni kupitia vitu vidogo: ratiba ya somo la dini, kanuni za sare, zamu ya kuchota maji, ombi la msichana aliyejifungua kutaka kurudi darasani. Kijana akifundishwa kuiheshimu dini ya jirani bila kufundishwa kumheshimu binti wa jirani huyo, atakachokuwa amejifunza ni mapatano ya wanaume peke yao. Nasema hivi nikijua kwamba wako wazazi na viongozi wa dini ambao hawataafiki, na pingamizi zao zinastahili kujibiwa kwa hoja.

Pingamizi la kwanza husikika hata kabla mjadala haujaanza: Kibwezi ni kwa Wakristo, maelewano ya dini yana kazi gani huku? Ni kweli kwamba wengi wa wakazi ni Wakamba Wakristo. Lakini Ukristo wenyewe hapa una nyumba nyingi. Ipo AIC (Africa Inland Church), ambayo mizizi yake ni kazi iliyoanzishwa Nzaui mwaka 1895 na Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission. Wapo Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato na makanisa ya Kipentekoste yanayoongezeka kila mwaka. Tena huu ni mji wa njiani. Wamishenari wa Scotland walioongozwa na Dkt. James Stewart walifungua kituo Kibwezi mwaka 1891, miaka michache kabla reli haijapita, kisha malaria ikawasumbua na mwaka 1898 kazi yao ikahamishiwa Kikuyu. Reli ilipokuja ikitoka Mombasa, ilileta mafundi na vibarua kutoka Punjab, wakiwemo Waislamu, Wahindu na Wasikh. Barabara kuu ikaleta madereva na wafanyabiashara kutoka pwani, na misikiti ikasimama katika miji iliyo kando yake. Mtoto wa Mtito Andei, Kibwezi au Makindu hukua akisikia adhana na kengele. Hapo ndipo swali linapokuwa zito, maana mahali ambapo dini moja ina watu wengi na nyingine zina wachache, wachache hao ndio wasiokuwa na sauti katika mkutano wa wazazi, na aliye mchache zaidi ya wote ni msichana wa dini ya wachache.

Si mbali na Kibwezi, njiani kuelekea Nairobi, liko hekalu la Wasikh la Makindu, lililojengwa mwaka 1926. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanalijua kwa sababu ya chakula. Yeyote anayeingia hupewa chapati, dengu na chai bila malipo na bila kuulizwa kabila wala dini, na kuna vyumba vya kulala kwa aliyechoka. Masharti yake ni machache, nayo yanamhusu kila mtu kwa namna moja: unavua viatu mlangoni, unafunika kichwa. Aliyekuja kichwa wazi hupewa kitambaa pale pale akifunge. Mchungaji hufunga, Mwislamu aliyekuja bila kofia hufunga, mvulana wa kidato cha tatu hufunga, na dada yake hufunga vivyo hivyo. Wote hukaa mahali pamoja na kula chakula kile kile. Katika imani ya Wasikh mwanamke anaruhusiwa kusoma kitabu kitakatifu mbele ya waumini na kuongoza ibada, na utaratibu wa mlo wa pamoja ulikuwepo tangu karne za mwanzo za dini hiyo kwa kusudi la kuvunja matabaka ya vyeo, nasaba na jinsia. Kwa karibu karne nzima wakazi wa Makueni wamefunga kitambaa hicho, wakala, wakaenda zao, na hatujasikia kwamba makanisa ya Makindu yalipoteza waumini kwa sababu hiyo.

Linganisha na yaliyotokea Isiolo. Mwaka 2014 katika shule ya sekondari ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, ulizuka mzozo kuhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu pamoja na sare. Kanisa lilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ililikubalia mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo mwaka 2016 na kuwapa wasichana haki yao, na mnamo Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu ya rufaa, hasa kwa sababu za kiutaratibu, huku ikiiachia bodi ya shule nafasi ya kurekebisha kanuni zake. Miaka mitano ya mawakili kwa ajili ya kitambaa. Katika muda huo msichana aliyekuwa kidato cha kwanza mzozo ulipoanza alikuwa amekwisha kumaliza masomo, kwa hiyo uamuzi wowote ule usingemfaa yeye. Tazama pia ni nani waliobishana: kanisa, mzazi wa kiume, wanasiasa wa kaunti, mawakili na majaji. Kichwa kilichokuwa kikigombewa kilikuwa cha msichana, na sauti yake ndiyo iliyosikika kidogo zaidi. Dini mbili zinapogongana shuleni, mara nyingi hugongana juu ya mwili wa msichana: avae nini, aketi wapi, acheze michezo gani, arudi lini baada ya kujifungua. Mvulana Mwislamu katika shule hiyo hiyo angeweza kumaliza miaka minne bila mtu kuuliza dini yake.

Kitambaa hicho hicho kiliwahi kuokoa maisha. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Walikataa. Iliripotiwa kwamba baadhi ya abiria Waislamu waliwapa wenzao Wakristo mavazi yao wayavae ndani ya basi ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, aliyesimama kidete dhidi ya kutenganishwa, alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata. Nchi ilimheshimu, na ilistahili. Lakini katika kumbukumbu yetu tumeyapa uzito mdogo mavazi yaliyopitishwa kutoka mkono hadi mkono kwenye viti vya basi, kitendo ambacho hakuna mkutano wa viongozi uliokiamuru. Abiria wale walijuana kama watu kabla ya kujuana kama waumini. Mazoea ya namna hiyo hayawezi kupandwa siku ya hatari yenyewe. Hupandwa mapema, na shule ndipo mahali pekee ambapo serikali inaweza kuyapanda kwa makusudi.

Sheria imekwisha kufungua mlango. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa jinsia na wa dini katika orodha moja. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtambua mfadhili, mara nyingi kanisa au taasisi ya dini iliyochangia pakubwa kuikuza shule, na inampa jukumu la kukuza maisha ya kiroho huku akilinda imani na madhehebu ya wengine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kwenye bodi ya shule mfadhili ana viti vitatu. Dini za wachache hazina kiti kilichotengwa, ingawa kipo kiti kimoja cha makundi yenye maslahi maalumu katika jamii ambacho kingeweza kutumika kwa ajili yao. Mahakama ya Rufaa ililigusa jambo hili upande mwingine mwaka 2017 ilipoamua kwamba shule ziwatafutie wanafunzi Wasabato njia ya kuitunza siku yao ya ibada badala ya kuwalazimisha kuhudhuria masomo ya Jumamosi. Uamuzi huo unawahusu moja kwa moja watoto wa Kibwezi, ambao wengine nyumbani huabudu Jumamosi na wengine Jumapili, na wote wamevaa sweta la rangi moja.

Wafadhili wana haki ya kudai kwamba bila wao shule nyingi zisingekuwepo, na wanasema kweli. Masista Wakatoliki wameacha alama kubwa katika elimu ya wasichana Ukambani. Taja tu Precious Blood Kilungu katika Makueni au Muthale katika Kitui. Hata hivyo historia hiyo ina upande wa pili. Alliance High School ya wavulana, kazi ya makanisa kadhaa kwa pamoja, ilifunguliwa mwaka 1926, mwaka ule ule wa hekalu la Makindu. Shule ya sekondari ya wasichana Waafrika, ambayo leo ni Alliance Girls, ilingoja hadi 1948. Kwa miaka 22 makanisa yaliyoweza kushirikiana kuvuka mipaka ya madhehebu ili kumsomesha mvulana hayakuona haraka ya kushirikiana ili kumsomesha dada yake. Silisemi hili kwa kuwalaumu marehemu. Linaonyesha kwamba maelewano ya madhehebu hayaleti usawa wa jinsia yenyewe tu. Yanaweza kudumu kwa amani kabisa huku nusu ya vijana wakiwa nje ya lango.

Kutoka hapo tunafikia pingamizi linalotamkwa kwa sauti kubwa zaidi, kwamba usawa wa kijinsia ni wazo la kigeni linalotaka kuvunja nyumba na kupinga maandiko. Kibwezi yenyewe inalijibu. Katika uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurejeshwa, mwaka 1992, wanawake sita walichaguliwa kuingia bungeni kutoka Kenya nzima. Watatu kati yao walitoka Ukambani: Charity Ngilu wa Kitui ya Kati, Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi, na Agnes Ndetei wa Kibwezi. Wapiga kura wa eneo hili kavu, wengi wao wakiwa waumini wa kanisa waliotoka ibadani Jumapili na kwenda kupiga kura katikati ya wiki, walimtuma mwanamke Nairobi wakati majimbo yaliyojiita ya kisasa hayajathubutu. Baada ya jimbo kugawanywa, Kibwezi Mashariki ilimchagua Jessica Mbalu mwaka 2013 na ikamrudisha mara mbili. Tangu ugatuzi uanze Makueni imekuwa na wanawake katika kiti cha naibu gavana, kwanza Adelina Mwau, sasa Lucy Mulili. Nyuma ya hayo kuna mwethya, vikundi vya kazi ya pamoja vilivyochimba matuta na mabwawa ya mchanga katika vilima vya Ukambani, ambavyo kwa miongo mingi vimebebwa na wanawake, Mkatoliki na muumini wa AIC wakishika jembe kwenye mtaro mmoja. Kuhusu maandiko, Mwislamu anajua kwamba neno la kwanza la ufunuo lilikuwa amri ya kusoma, na Mkristo anajua kwamba Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli. Yapo mafungu mengine yanayosomwa vingine, na wanazuoni wataendelea kuyajadili. Mjadala huo usiwe sababu ya kumzuia mtoto wa miaka kumi na minne kuingia darasani.

Jambo linalonisumbua zaidi ya yote ni hili: madhehebu yetu hukubaliana upesi sana yanapomhukumu msichana. Mwaka 2013 Kenya ilipoungana na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika kuahidi elimu ya kina kuhusu ujinsia, upinzani ulitoka makanisani na misikitini kwa pamoja. Hofu yao ilikuwa na msingi wake. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anafundishwa nini. Lakini umoja ule haukuwahi kuonekana kwa nguvu hiyo kumtetea msichana aliyekwisha kupata mimba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Sera ya kuwarudisha shuleni ipo tangu 1994, na miongozo mipya ilitolewa mwaka 2020. Kando ya barabara kuu, ambako malori hulala Emali na Mtito Andei na mafuriko ya fedha ndogo hupita usiku, kila mwalimu anaijua hatari. Msichana huyo akibisha lango la shule hukutana na minong'ono: mfadhili ataonaje, wengine wataiga, shule hii ni ya maadili. Mvulana aliyempa mimba, kama ni mwanafunzi, yuko darasani tangu muhula ulipoanza. Maadili yanayomwadhibu mmoja kwa kosa la wawili hayana asili katika Injili wala katika Kurani, na hapa ndipo mchungaji na imamu wa Kibwezi wangeweza kusimama pamoja mbele ya wazazi na kusema arudi. Tamko la pamoja la namna hiyo lingewafundisha vijana kuhusu maelewano ya dini kuliko sikukuu kumi za kusalimiana.

Wapo watakaouliza, na mvulana je? Wanauliza kwa haki. Katika Ukambani ya leo mvulana hutolewa shuleni na pikipiki ya bodaboda, na uchimbaji wa mchanga mitoni, na uchomaji wa makaa. Anayedhani usawa ni kumsukuma nyuma ili dada yake apite hajaelewa kinachodaiwa. Chukua maji. Mvua ya Kibwezi ni chache na haitabiriki, na familia nyingi bado huchota mbali. Kazi hiyo ikiwekwa juu ya wasichana peke yao, wao hufika darasani wamechelewa na wamechoka, na wavulana hukua wakiamini kwamba kuna kazi za mwili zilizo chini ya hadhi yao na nyingine, za kuleta pesa, zinazowataka waache masomo wakiwa na miaka kumi na sita. Fikra inayomwambia msichana kwamba mahali pake ni mtungini ndiyo inayomwambia kaka yake kwamba uanaume hupimwa kwa noti za siku. Shule inayogawa zamu za maji, kufagia na uongozi wa darasa bila kuangalia jinsia inawaokoa wote wawili kutoka katika uongo huo.

Pingamizi la mwisho ni la mzazi mcha Mungu, nami naliheshimu kuliko yote: ukimfundisha mtoto dini ya wengine, utamchanganya. Afadhali dini ibaki nyumbani na kanisani. Ushahidi wa nchi yetu unaelekea upande mwingine. Huko Shakahola, mwaka 2023, maiti zaidi ya mia nne zilifukuliwa msituni, zikiwemo za watoto wengi, na mhubiri anayeshtakiwa alikuwa amewahi kuhubiri kwamba elimu ya shule ni ya shetani. Waliomfuata walikuwa na dini nyumbani na kanisani, walichokosa ni mahali pa kuipima. Na katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa na wanafunzi Wakristo kutengwa ili wauawe, mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alisoma, akafaulu, akahitimu, na hakuna hatua ya safari hiyo ndefu iliyomzuia kumwona mwanafunzi mwenzake kama adui wa Mungu. Kujua jirani anaamini nini hakumlazimishi mtu kuamini hivyo. Wakristo waliokula Makindu wamerudi makanisani mwao.

Mtaala unatoa nafasi mbili ambazo hazihitaji waraka mpya. Ya kwanza ni somo la dini katika sekondari ya chini, ambapo mwanafunzi husoma Elimu ya Dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu, na hii ya Kihindu inajumuisha pia imani za Wajaini, Wabudha na Wasikh. Katika shule nyingi za vijijini anayefundishwa hasa ni Mkristo, na watoto wa dini nyingine hukaa pembeni au hufuata somo lisilo lao. Kipindi kimoja kwa muhula kinaweza kutengwa ili wote wakae pamoja, na mgeni mzungumzaji asiwe imamu au mchungaji pekee. Awe pia mwalimu wa kike wa madrasa, sista, mama wa Kisikh wa Makindu. Kijana anayewasikia wanawake wakiifafanua imani yao kwa ujuzi hupokea mafundisho mawili kwa wakati mmoja. Nafasi ya pili ni huduma kwa jamii, somo la lazima katika sekondari ya juu. Bodi ya shule ya Masongaleni au Thange inaweza kuamua muhula ujao kwamba kundi la wanafunzi watakaokarabati bwawa la mchanga au kupanda miti pembezoni mwa msitu wa Kibwezi liwe na wavulana na wasichana kwa idadi sawa, wa madhehebu tofauti, kiongozi wake achaguliwe kwa kura, na ratiba iheshimu Ijumaa ya Mwislamu na Jumamosi ya Msabato. Bodi hiyo hiyo, katika kikao hicho hicho, inaweza kumpa kile kiti cha maslahi maalumu mama wa Kiislamu wa mjini, ambaye binti yake kwa sasa huvua mtandio kila asubuhi kabla ya kupita lango na kuukunja ndani ya mkoba.